Jibu la Fumbo Si la Kumwagwa Barazani

Malenga wenzangu na wapenzi wa lugha, naomba kutia neno katika jambo ambalo wengine wataliona dogo: adabu ya kutega fumbo na kulitegua. Nimeliwaza kwa miezi kadhaa, tangu fumbo moja lilipofia mikononi mwetu usiku wa Ijumaa. Tukio hilo nitalifikia. Kwanza tutoke kidogo nje ya ushairi, tutazame mchezo wa ugenini ambao, kwa maoni yangu, umeitunza adabu hiyo vizuri kuliko sisi tulioirithi.

Mchezo wenyewe huitwa jiokashingi. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kupotosha kwa makusudi ishara za setilaiti za GPS zinazotumiwa na raia, na tangu hapo mtu wa kawaida akaweza kujua mahali aliposimama kwa kukosea mita chache tu. Kesho yake Dave Ulmer akaficha ndoo msituni huko Beavercreek, jimbo la Oregon, akatia ndani vitu vidogo vidogo, kopo la maharage likiwamo, kisha akatangaza kwenye intaneti latitudo na longitudo za mahali hapo. Sharti lake lilikuwa jepesi: ukiipata, chukua kitu, acha kitu, andika daftarini. Leo maficho ya namna hiyo yametapakaa katika mabara yote. Watu wazima hupanda milima ili wafungue kopo lenye daftari lililolowa, watie sahihi, walifunge, walirudishe palepale.

Kilichonivuta si setilaiti bali desturi zao. Aliyeficha halazimiki kurahisisha, ila anawajibika kwamba kitu kipo kweli na njia ya kukifikia ipo. Aliyepata hawatangazii wengine kilipo. Hata akipiga picha ya furaha yake, huangalia isionyeshe shina wala jiwe. Akichukua kitu, huacha chenye thamani sawa au zaidi. Wapita njia wasio wachezaji, ambao huitwa kwa jina lililochotwa katika riwaya za Harry Potter, wakitokea ghafla, mtafutaji hujifanya anafunga kamba za viatu. Wengi wao hawajaonana maishani, hujuana kwa sahihi tu, na bado hulindiana raha ya kutafuta.

Sidhani kopo la namna hiyo lingemaliza wiki hapa Ushetu. Tunaishi katika ukanda wa dhahabu. Mtu akionekana ameinama chini ya mninga, simu mkononi, habari itatangulia kufika sokoni kuliko yeye: mwalimu mstaafu amepata mashine ya kupimia madini. Na asiyeamini dhahabu ya ardhini ataamini rupia za Mjerumani. Sarafu za dhahabu za rupia 15 zilipigwa Tabora mwaka 1916, kwa dhahabu ya Sekenke, na tangu hapo sijui ni kilima gani cha magharibi ambacho hakijasingiziwa kuficha sanduku. Kopo lingefukuliwa kabla jua halijatua, na daftari lingeuzwa kama ramani.

Lakini mchezo tunao, ila sisi twaficha katika maneno. Msukuma husema “Kalagu!” na wenzake huitikia “Kize!”, yaani na kije. Kwa Kiswahili twasema “Kitendawili!”, nao hujibu “Tega!” Litazameni neno hilo. Tunatega mtego ili kunasa. Tunatega sikio ili kupokea. Na kitendawili kimekaa katikati ya hayo mawili. Anayekitega anataka kukushika, na papo hapo anatamani uponyoke. Ndiyo maana kitenzi cha pili, kutegua, kimezaliwa na cha kwanza. Lugha yenyewe haikumtarajia mtegaji asiyetaka kuteguliwa.

Nimewahi kuketi katika kaya moja ya wakulima wa tumbaku, watu wakiwa wamezunguka rundo la majani yaliyotoka kwenye mabani, wakiyapanga kwa madaraja. Mtoto wa miaka kama sita akatega nyumba isiyo mlango. Hakuna aliyekuwapo asiyejua kuwa ni yai. Bibi yake akafikiri kwa muda mrefu, akataja chungu, akataja kaburi, kisha akakiri kushindwa na kumpa mji wa Kahama. Mtoto akaukataa, akadai Dar es Salaam. Akapewa Dar es Salaam yote, bandari na mitaa, naye akalitoa jibu kwa fahari ya mfalme. Watu wapatao kumi na wawili walilijua jibu lile, na wote wakanyamaza. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa mbinu nyingi za kumwamsha mwanafunzi, lakini sikumbuki iliyoipita ile ya bibi.

Kuna kisa kingine ambacho ninyi mnakijua kuliko mimi, nacho ni cha Fumo Liyongo, katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijuma wa Lamu mwaka 1913. Liyongo yumo kifungoni Pate. Anamtuma kijakazi Saada kwa mama yake na wimbo, na wimbo huo unaimbwa mbele ya walinzi wenyewe. Ndani yake mna agizo: uokwe mkate wa wishwa, tupa ziwekwe ndani. Walinzi, ambao daima walijichukulia chakula kizuri, wanauacha mkate wa makapi umfikie mfungwa. Kisha Liyongo anaomba ngoma ya gungu, na kishindo chake kinafunika sauti ya tupa inayokereza pingu. Hapo pana kila kitu cha mchezo ule wa Oregon: kitu kilichofichwa, maelekezo ya kukifikia, wapita njia wasiojua wanachokitazama, na Saada, aliyebeba ujumbe wote kifuani na hakuutoa hata tone. Tumezoea kumsifu Liyongo kwa nguvu na mama yake kwa akili. Mimi huwa namfikiria Saada. Angekuwa na simu ya siku hizi na tabia ya baadhi yetu, Liyongo angenyongwa.

Sasa nije Ijumaa ile. Katika kikundi kimoja cha washairi cha simu, ambacho sitakitaja, mwenzetu mmoja aliweka fumbo la beti sita, vina vya kati na vya mwisho vimekaa sawa, picha ya pili ikiificha ya kwanza. Kazi ya wiki nzima, bila shaka. Haikupita robo saa, mwingine akaandika neno moja tu: jibu. Hakuandika ubeti wala salamu. Likafuata gharika la vidole gumba na pongezi, fumbo likawa limezikwa. Kesho yake nilipokea simu ya rafiki yangu, mkulima wa tumbaku, mshairi mzuri kuliko wengi wenye majina. Nyumbani kwake mtandao haushiki; hulazimika kupanda kichuguu kilicho ng'ambo ya shamba. Alipanda alfajiri ili asome fumbo kwa utulivu, akalikuta limelala ubavuni mwa jibu lake. “Mwalimu,” aliniambia, “mimi siji tena kule. Nitakuwa napanda kichuguu kufuata nini?” Hajarudi hadi leo, nasi tumepoteza sauti yake kwa sababu ya neno moja lililotolewa haraka.

Vijana hunijibu kwamba shindano ni shindano, mwepesi ashinde. Siukatai wepesi. Hata wale wa maficho humheshimu aliyefika kwanza, lakini heshima hiyo huiandika ndani ya daftari, ukurasa wa juu, kisha hulifunga. Nasi daftari tulikuwa nalo. Washairi walipojibizana katika magazeti, tangu enzi za Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, aliyelitegua fumbo alionyesha ufundi wake kwa kujibu katika bahari ileile, kwa vina vilevile, akaligusa jibu bila kulitaja, na jina lake akalitia katika ubeti wa mwisho. Msomaji aliyekuwa bado njiani aliongezewa dalili, hakunyang'anywa safari. Hata Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mgumi wa Lamu, miji yao ikiwa katika uhasama mwanzoni mwa karne ya 19, shairi walilijibu kwa shairi. Huko ndiko kuacha kitu chenye thamani sawa au zaidi. Neno moja tupu ni kuchukua bila kuacha.

Wategaji nao wasinishangilie mapema. Wapo wanaoficha ili wasipatikane, kisha wakajisifia kina. Mmoja alitusumbua siku tisa, tukapekua kamusi hadi za lahaja za kaskazini, na jibu likawa jina la ng'ombe wake. Hilo si fumbo, ni kopo ambalo halikuwekwa.

Napendekeza basi, kwa vikundi vyote vyenye kupenda mafumbo: jibu lipelekwe kwa mtegaji peke yake, kwa muda wa siku saba. Barazani patolewe beti tu, za kujibu au za kuomba mji. Siku ya nane mtegaji ataje majina ya waliotegua, kwa kufuatana walivyofika, na akitaka alitoe jibu. Asipotaka, aliache kwa watakaokuja. Na anayetega awe tayari kuonyesha, atakapoulizwa, ni katika mshororo gani alikoiacha njia.

Rafiki yangu wa kichuguu nimemwomba atege yeye fumbo la kwanza chini ya utaratibu huu. Amejibu kwamba atalifikiria akimaliza kupanga majani, na kwamba hana ng'ombe.