Fundi wa Kibuye, gonga jina lako kwenye kisu

Tuambiane ukweli, wasee wa Kisumu. Kisu cha fundi wa Kibuye mnakinunua kwa huruma ama kwa sababu ni cha bei rahisi, halafu kikipinda mnasema, "Si ni jua kali tu." Hiyo "tu" ndiyo inaniudhi.

Shida si chuma. Springi kuukuu ya lori ni chuma kizuri, kinashika makali. Shida ni kwamba kando yake, meza hiyo hiyo, kuna kisu cha nondo kimeng'arishwa vilevile, bei ileile. Nondo ya kawaida hata uichome siku nzima haishiki makali. Na hata springi inaharibika: inataka iwake nyekundu, izimwe kwa oili, kisha ipashwe tena polepole mpaka ipate rangi ya nyasi kavu. Fundi akiruka hiyo hatua ya mwisho, kisu kinavunjika kama glasi. Utajuaje ameiruka? Hujui.

Anayeumia ni mama wa Dunga anayepaa ngege tangu asubuhi. Kisu butu kinataka nguvu, na kikiteleza kinaingia kidoleni.

Msiniambie KEBS. Wako tangu 1974, alama yao tunaiona kwa unga, na fundi wa kibanda kimoja hana pesa za kupeleka visu maabara. Lakini tupa anayo. Aipitishe kwa makali: ikiteleza, chuma kimeiva, ikikwangua, kirudi motoni. Hiyo ni sekunde kumi.

Halafu agonge jina. Ufaransa kuna kisu cha kukunja cha wakulima, Opinel, kimeanza 1890. Mpini wa mti, bapa moja, hakina maringo yoyote, lakini kila bapa lina alama ya mkono wenye taji. Kikiwa kibovu, unajua wa kulaumu. Hapa kwetu kisu hakina mwenyewe, kwa hivyo aliyekitengeneza vizuri na aliyekudanganya wanalipwa sawa.

Na nyinyi wa kubageini! Umeshika simu ya elfu thelathini ukipigania hamsini na mtu anayefua chuma juani. Hiyo hamsini ndiyo makaa ya kupasha mara ya pili, buda.

Jumapili ukienda Kibuye, beba tupa. Muulize, "Hii ni springi ama nondo?" Akikuacha ujaribu mwenyewe na tupa iteleze, lipa bei aliyotaja.