Mzigo wa wakili wa maskini: kila ofisi yauona kanda la usufi

Wazee wetu wa Pwani walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiutazama kwa mbali unauona mwepesi, mpaka utwikwe wewe. Ndivyo lilivyo jukumu la kumlipia wakili mshtakiwa asiye na uwezo hapa Kenya. Hakuna kiongozi anayelipinga hadharani. Lakini linapofika suala la nani atoe pesa, kila mmoja hutazama upande wa jirani yake.

Tuanze na Katiba. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 chasema mshtakiwa ana haki ya kupewa wakili kwa gharama ya dola iwapo bila wakili huyo patatokea dhuluma kubwa, na kwamba aelezwe haki hiyo mapema. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, wakili wa serikali alikuwa wa kesi za mauaji. Mahakama Kuu ilimteulia mshtakiwa wakili, na malipo yakatoka kwenye bajeti ya Idara ya Mahakama. Lakini aliyeshtakiwa wizi wa mabavu mbele ya hakimu alisimama peke yake, ingawa kosa hilo nalo hubeba hukumu ya kifo. Mwaka wa 2011, katika kesi ya David Njoroge Macharia, Mahakama ya Rufaa ilisema wanaokabiliwa na hukumu ya kifo wana haki ya wakili kwa gharama ya dola.

Kisha mwaka wa 2016 Bunge likapitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria. Mpango wa majaribio uliokuwepo tangu 2008 ukageuzwa kuwa taasisi kamili, Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, ikapewa na mfuko wake. Hapo ndipo jukumu lilipohama. Hakimu akimwona mshtakiwa hana wakili, na dhuluma yaweza kutokea, sheria yamtaka amweleze haki yake kisha aifahamishe Huduma ili itoe wakili. Kwa karatasi, ni hatua ya kupongezwa.

Tatizo ni kwamba jukumu lilihama, pesa zikasuasua nyuma. Miaka mingi baada ya sheria kupita, ofisi za Huduma zimekuwa katika miji michache tu, ilhali mahakama za mahakimu zimetapakaa nchi nzima. Na waliotunga sheria hiyo waliacha mlango wa nyuma: kifungu cha 43 chasema pia kwamba kukosa wakili hakutazuia kesi kuendelea. Maana yake, hakimu atamfahamisha mshtakiwa, ataiandikia Huduma, Huduma itajibu haina mtu, na kesi itasonga mbele. Kila mmoja ametimiza wajibu wake, na mshtakiwa bado yuko peke yake kizimbani.

Ili tuone uzito wa jambo hili, tutoke Pwani kidogo twende Oltepesi, kituo cha biashara kando ya barabara ya Magadi, Kaunti ya Kajiado. Ni nchi ya wafugaji. Tuseme kijana wa huko ameshtakiwa wizi wa mifugo, kosa ambalo kwa sheria zetu adhabu yake yaweza kufika miaka 14 jela. Kesi itasikizwa Ngong, au Kajiado mjini kwenye barabara nyingine kabisa, ile ya Namanga. Kila tarehe ya kesi ni nauli yake, nauli ya mashahidi wake, na siku nzima bila kuchunga. Kama anajua Kimaasai tu, Katiba yampa mkalimani bila malipo. Lakini mkalimani hutafsiri tu. Si kazi yake kumhoji shahidi wala kumwambia mshtakiwa kwamba ana siku 14 tu za kukata rufaa baada ya hukumu.

Sasa badilisha jina la mahali. Weka Kiunga, ambako mtu aweza kusafiri kwa mashua hadi mahakama ya Lamu. Weka kijiji cha ndani Ganze au Kinango. Hesabu ni ile ile.

Sisi tumezoea Mahakama ya Kadhi, ambako kesi ni za ndoa, talaka na mirathi, na mtu aweza kueleza shida yake mwenyewe akasikika. Jinai ni jambo jingine. Upande wa pili yuko kiongozi wa mashtaka aliyesomea kazi hiyo, analipwa na serikali, na ana polisi wa kumtafutia ushahidi. Dola inapomlipa anayeshtaki na kumwacha anayeshtakiwa mikono mitupu, hapo hapana mizani.

Ni kesi iliyopitia mahakama za Malindi iliyotupa mwongozo. Katika uamuzi wa Karisa Chengo na wenzake wa 2017, Mahakama ya Juu ilisema haki ya wakili wa dola haiko wazi kwa kila mtu. Ikataja ya kuangaliwa: uzito wa kosa, ukali wa adhabu, uwezo wa mshtakiwa kulipa, kama ni mtoto, kama ana kisomo, na ugumu wa shtaka lenyewe. Kwa vipimo hivyo, yule kijana wa Oltepesi ana hoja nzuri. Lakini hoja nzuri haina faida kama hakuna wa kuisikiza siku ya kwanza mahakamani.

Wapo wanaouliza: mbona magavana wasibebe mzigo huu? Tuwe waangalifu. Jedwali la Nne la Katiba limeweka mahakama chini ya serikali ya kitaifa, pamoja na polisi. Anayekamata na kushtaki ndiye anayepaswa kugharamia utetezi. Marekani nayo ina somo. Baada ya uamuzi wa Gideon wa 1963 kuhusu haki ya wakili, baadhi ya majimbo yalizitwika kaunti gharama hiyo, na ubora wa utetezi ukategemea utajiri wa kaunti aliyokamatiwa mtu. Hapa kwetu, mshtakiwa wa Tana River asiwe na haki ndogo kuliko wa Nairobi kwa sababu tu kaunti yake ina mapato madogo.

Kwa hivyo, dawa si kuhamisha tena. Kwanza, Bunge liuwekee Mfuko wa Msaada wa Kisheria kiwango kinachojulikana kila mwaka, na pesa zake zisiwe za kwanza kukatwa bajeti ikibana. Pili, mlango wa nyuma wa kifungu cha 43 ufungwe kwa makosa mazito: pasipo wakili, kesi isianze. Tatu, wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria hiyo hiyo wawezeshwe kufika vijijini, kwani wao ndio wa kumweleza mtu haki zake na habari za dhamana kabla hajapelekwa rumande. Kaunti zaweza kusaidia hapo bila kubeba mzigo wote.

Nasi wananchi tuna nafasi yetu. Kamati za Watumiaji wa Mahakama zipo, na zinaleta pamoja mahakama, polisi, magereza na jamii. Wazee wa mtaa, maimamu na viongozi wa vijana wahudhurie, na waulize swali moja kila kikao: mwezi huu washtakiwa wangapi wa makosa mazito wamesimama bila wakili, na ni nani aliyeombwa asilete?

Swali hilo likiulizwa kila mwezi na majibu yakaandikwa, itajulikana mzigo umekwama kwa nani.