Kamba ya mtumbwi si kamba ya mpandaji

Kila tukipita kwenye depo za koperative, huko Lemera na chini kwenye bonde la Ruzizi, tunauliza: kamba ya kupandia miti iko wapi? Jibu ni karibu lile lile kila mahali: «Mpandaji anakuja na yake.» Mizani ni ya koperative, pompi ya dawa ni ya koperative, magunia ni ya koperative. Lakini kamba, ile inayobeba mtu, inaachiwa kijana anayelipwa kwa hesabu ya miti. Sisi tunaona hii haiko sawa. Kamba iwe mali ya koperative, inunuliwe na komite, iandikwe kwenye kitabu cha depo sawa na mizani.

Kazi yenyewe mnaijua. Kule juu ni kuvuna avoka, kupunguza matawi ya grevilea yanayofunika kahawa, kukata vichwa vya mikaratusi karibu na nyumba. Kule chini, na kwenye pwani ya ziwa, ni michikichi. Mita nane, mita kumi na mbili, wakati mwingine zaidi. Ba papa na ba mama wengi wanajua jina la kijana aliyeanguka, na wanajua pia nani alilipa hospitali: familia yake.

Kamba nyingi tunazokuta kwa vijana zinatoka sokoni Uvira, zile za plastiki, za manjano ao za bluu. Zinaitwa polipropilini. Wavuvi wanazipenda, na wana haki: zinaelea juu ya maji, haziozi, bei yake iko chini. Pale Kalundu, kwa kufunga mtumbwi, ni kamba nzuri sana. Juu ya mti ni mambo mengine. Jua linazila haraka, kuliko linavyokula nailoni ao poliesta. Ukiisugua na mkono na inatoa vumbi na vinyuzi vifupi, ujue imekwisha, hata kama rangi ingali nzuri. Tena inayeyuka kwenye joto la digrii kama 165, wakati poliesta inavumilia mpaka karibu 250. Mtu atauliza, juu ya mti kuna moto gani? Moto wa msuguano. Kamba ikikwaruza tawi na uzito wa mtu, ao fundo likiteleza haraka wakati wa kushuka, joto linapanda palepale, mahali padogo, na plastiki inalainika. Mvuvi hashuki na kamba, ndiyo maana hajawahi kuona shida hiyo.

Katani nayo tusiipandie. Inaoza toka ndani, na nje inaonekana nzima.

Kamba ya mpandaji iko na moyo na ganda. Moyo ndio unabeba uzito, ganda linalinda moyo. Unene uwe kati ya milimita 11 na 13, ili mkono uishike vizuri. Kwenye karatasi ya kamba, ao kwenye utepe uliofichwa ndani yake, mtafute maandishi EN 1891 na herufi A: maana yake imepimwa kubeba nguvu ya karibu kilo 2,200 kabla ya kukatika. Tumesikia swali, na ni swali zuri: mtu ana kilo 70, hizo 2,200 ni za nini? Fundo peke yake linaweza kula robo ya nguvu ya kamba, mengine yanakula zaidi. Mvua inapunguza nguvu ya nailoni kwa sehemu kama ya kumi. Ganda la mti linakwaruza. Na mtu akianguka mita moja tu kabla kamba haijamshika, kamba inapokea mzigo unaopita uzito wake mara nyingi. Ukiondoa hayo yote, kile kinachobaki ndicho cha mtu wako. Kwa mvua za huku kwetu, tukipata nafasi ya kuchagua, tunachukua poliesta, sababu maji hayaipunguzii nguvu sana.

Sasa mkanda wa mchikichi. Hatuko hapa kuukataa. Mpandaji mzuri akiuzungusha kwenye shina na kiuno chake, akiegemea nyuma na kupanda hatua kwa hatua, ni ufundi, na sisi wa kutoka institut hatuna la kumfundisha juu ya miguu. Shida iko mahali pengine: mkanda ni mmoja, na panga linafanya kazi karibu nao. Panga likikosa jani, linakata mkanda. Kwa hiyo iwe mikanda miwili. Akifika kwenye visiki vya majani, ahamishe mmoja wakati wa pili umefungwa. Wakata miti wa nchi zingine wanatumia mkanda wenye waya wa chuma ndani, ili msumeno ama panga lisiupite kwa pigo moja; ukipatikana, ununuliwe huo. Na mchikichi ambao mundu kwenye mti mrefu unaufikia, mtu asiupande hata kidogo. Mchikichi unarefuka karibu nusu mita kwa mwaka, na mashamba makubwa yanapanda upya baada ya miaka kama 25, sababu kubwa ikiwa urefu huo. Koperative inayoacha michikichi ya wazee isimame na haipandi mipya, ndiyo inayotuma vijana juu.

Kwenye mwavoka na grevilea, njia ni nyingine, maana kuna matawi. Unatupa kwanza kamba nyembamba yenye kifuko cha mchanga, inapita juu ya panda imara karibu na shina, ndipo unavuta kamba kubwa. Kabla mtu hajapanda, watu wawili waning'inie pamoja kutoka chini. Tawi la mwavoka linavunjika bila kuonya, tunalikatalia mapema. Kisha mpandaji anafungwa na mkanda wa kiuno na mapaja, si kamba ya kiunoni peke yake, ile inaminya mbavu na pumzi. Kwenye kamba kubwa anaweka kitanzi cha kamba ndogo, milimita 8, kilichozungushwa mara tatu: fundo la Prusik, kwa jina la Karl Prusik wa Austria aliyelitangaza mwaka 1931. Bila uzito linasukumwa na mkono, likipata uzito linauma kamba na kukataa kuteleza. Kamba ndogo ikiwa na unene sawa na kubwa, haliumi vizuri. Mpandaji alisukume juu kila hatua, kamba isilegee juu ya kichwa chake, na ashuke polepole.

Chini abaki mtu wa pili anayejua kumshusha. Mtu aliyezimia akining'inia kwenye mkanda, damu inabaki miguuni, na anaweza kufa bila jeraha hata moja. Kumwita jirani aliye shambani kwake haitoshi.

Depo nayo tuiangalie. Kamba inaning'inizwa kivulini, mahali pakavu, mbali na petroli ya pikipiki, na mbali kabisa na batri za sola. Asidi ya batri inaharibu nailoni bila kuacha alama ya kuonekana. Kamba ya kupandia haifungi mbuzi, haivuti gari matopeni, haikopeshwi kwa harusi ya kufunga turubai. Kabla ya kila kazi inapitishwa mkononi yote, kipande kwa kipande: penye ugumu, penye ulaini usio wa kawaida, penye ganda lililochanika, panakatwa ao kamba inaachwa. Ikishika mtu aliyeanguka kwa nguvu, inatoka kazini siku hiyo hiyo, hata kama ni mpya.

Tunajua bei. Kamba hii inapita ile ya sokoni mara nyingi, na mwaka mwingine franga hazitoshi hata za mbegu. Kama komite inapata pesa ya kamba moja tu, isikatwe vipande viwili ili kila kijiji kipate chake. Ikae depo moja, iwe na zamu, na kijiji kinachongoja kivune kwanza matawi ya chini.