Likizo ya Juni na Elimu ya Mto

Kila mwaka, mvua za masika zinapokatika na shule za sekondari kufungwa kwa likizo ya Juni, vijana wengi wa Tanzania hurejea kwenye mito, mifereji na mabwawa ya kwao. Baadhi huteka maji, baadhi hufua au kuvua samaki, na wengine huogelea tu. Ni kipindi ambacho kijana yu karibu zaidi na mto na mbali zaidi na mwalimu. Kwa mtazamo wa afya ya jamii, likizo hiyo ingepaswa kuwa msimu wa kufundisha sayansi ya mto, na watumishi wa afya hawana budi kuwa miongoni mwa wakufunzi wake.

Kichocho ni ushahidi wa kutosha. Mgonjwa akikojoa au kujisaidia majini, mayai ya minyoo huanguliwa, na vimelea vinavyotoka humo huingia katika konokono wa maji yasiyo na chumvi. Baada ya wiki kadhaa za kuzaliana ndani ya konokono, hutoka kutafuta ngozi ya binadamu, hasa mchana jua linapowaka, saa zilezile ambazo vijana hupenda kuogelea. Dakika chache zatosha kupenya ngozi. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, lakini haiwezi vyema minyoo michanga, wala haimkingi mtu na maambukizi mapya. Kijana anayemeza dawa Jumatatu na kurudi mtoni Jumamosi yumo hatarini upya. Aidha, kampeni za kugawa dawa shuleni hulenga zaidi watoto wa shule za msingi; mwenzao wa sekondari huendelea na maji yaleyale bila mpango wa kumfikia.

Kwa mabinti, gharama ya kutojua ni kubwa zaidi. Mayai ya kichocho cha mkojo huweza kunasa katika shingo ya kizazi na uke, yakaleta vidonda, maumivu na kutokwa na damu. Dalili hizo hufanana na za magonjwa ya ngono, hivyo binti huweza kupewa dawa isiyomfaa na kubebeshwa aibu isiyo yake. Binti aliyefundishwa mzunguko wa kichocho anaweza kumweleza mhudumu kwamba tangu utotoni ameoga mtoni. Maelezo hayo mafupi huweza kubadili uchunguzi na tiba.

Somo lenyewe halihitaji maabara kubwa. Afrika Kusini ina njia iitwayo miniSASS, inayomwezesha hata mwanafunzi kukadiria hali ya mto kwa kutambua makundi 13 ya wadudu, konokono na viumbe wengine wadogo wa majini. Tanzania nayo ina mfumo wake wa kitaalamu wa aina hiyo, TARISS. Kwa wavu, kipimajoto na daftari, vijana wa Dar es Salaam wangeweza kuulinganisha Mto Msimbazi karibu na vilima vya Pugu na mto huohuo unapopita Vingunguti na Jangwani kuelekea Bahari ya Hindi. Wangeona mahali maji yanapobadilika rangi na harufu, viumbe gani wametoweka, na bustani zipi za mboga hunyweshwa maji hayo.

Lakini hapa pana mtego. Mto unaopata alama nzuri za mazingira si lazima uwe salama kwa ngozi, kwani konokono wa kichocho huishi hata katika maji maangavu. Mwalimu wa baiolojia peke yake anaweza kuacha wanafunzi wakiamini kwamba maji yanayong'aa hayana madhara. Mhudumu wa afya peke yake anaweza kuwafanya wauogope mto bila kuuelewa. Taaluma hizo mbili zinahitajiana.

Wapo watakaosema kwamba kuwapeleka vijana mtoni ni kuwatia hatarini. Hofu hiyo ni ya haki, na jibu lake ni utaratibu: asiingie mtu majini, sampuli zichukuliwe kutoka ukingoni kwa wavu wenye mpini mrefu, na kila mshiriki avae mabuti ya mpira na glavu. Hata hivyo, wengi wa vijana hao huenda mtoni kila siku pekupeku na bila msimamizi. Wengine watasema likizo ni ya kambi za masomo ya mtihani. Siku tatu za kupima, kuhesabu na kuandika ripoti ni mazoezi ya baiolojia, kemia na jiografia kwa pamoja.

Zahanati iliyo jirani na mto inaweza kuanza na shule moja: mkojo na choo vipimwe kabla ya mafunzo, wenye maambukizi watibiwe, kisha vijana wachore ramani ya vyoo, mabomba na sehemu zenye konokono na kuisoma mbele ya mkutano wa mtaa au kijiji. Wazazi nao wapate ujumbe wa kutumia nyumbani: maji ya mto yakihifadhiwa siku mbili katika chombo kilichofunikwa, kisicho na konokono, vimelea vya kichocho hufa, ingawa maji hayo bado yachemshwe kabla ya kunywewa.

Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kugawa dawa mwaka hadi mwaka kwa watu wanaorudi katika maji yaleyale ni kujenga ukuta huku ufa ukiachwa wazi. Kabla likizo ijayo haijafika, kila mhudumu na aanze kumuuliza mgonjwa kijana swali hili: maji ya kuoga unayapata wapi? Na kila mgonjwa ajue kwamba ana haki ya kulijibu hata asipoulizwa.