Mchambuzi wa runinga anaweza kurudi benchi, ila si kwa jina tu

Mfanyabiashara anayetoka Namanga na mzigo wake, akishaiacha Athi River na kushika Barabara ya Mombasa, hupita mbele ya hoteli ya Panari kabla hajafika katikati ya Nairobi. Wengi hupita bila kujua kwamba ndani ya jengo hilo kulifunguliwa uwanja wa barafu mwaka 2005, na kwamba hapo ndipo vijana wa Kenya walipojifunzia mchezo wa magongo wa barafuni hadi ikapatikana timu inayoitwa Ice Lions. Mchezo huo bado ni mgeni kwa watu wa ukanda huu. Lakini liko swali linaloulizwa sana huko Kanada na Marekani ambalo halina ugeni wowote: je, mtu aliyeacha ukocha, akakaa kwenye runinga akichambua kazi za wenzake, anaweza kurudi kuifanya kazi ile yenyewe?

Swali hilo huzuka karibu kila klabu ya ligi kuu ya huko, NHL, inapomfukuza kocha. Klabu ni 32, kwa hiyo nafasi za kocha mkuu ni 32 tu, na kila moja inapobaki wazi majina ya wachambuzi huanza kutajwa. Mashabiki hugawanyika papo hapo. Wapo wasemao kwamba mchambuzi ni mtu wa maneno, aachwe na kipaza sauti chake. Wapo wasemao kwamba hakuna anayeijua ligi kama yeye, kwa kuwa huzitazama timu zote usiku baada ya usiku. Kambi zote mbili zimekosea, na ushahidi uko kwenye benchi la klabu moja, Tampa Bay Lightning ya jimbo la Florida.

Mwaka 2008 klabu hiyo ilipata wamiliki wapya. Ikaachana na John Tortorella, kocha aliyeipa Kombe la Stanley mwaka 2004, na mahali pake ikamweka Barry Melrose, mchambuzi wa kituo cha ESPN. Melrose hakuwa mtu wa kuokotwa njiani. Mwaka 1992 aliipa ubingwa timu ya Adirondack katika ligi ya daraja la chini ya NHL. Msimu uliofuata, ukiwa wa kwanza kwake kama kocha mkuu katika ligi kuu, aliifikisha Los Angeles Kings fainali akiwa na Wayne Gretzky. Waliufunga mchezo wa kwanza. Katika wa pili walikuwa wakiongoza kwa mabao 2 kwa 1, zimebaki kama dakika mbili, pale wapinzani wao Montreal walipoomba gongo la mchezaji mmoja wa Kings lipimwe. Likakutwa na mpindo uliozidi kipimo, mchezaji akatolewa kwa adhabu, Montreal wakasawazisha, wakashinda katika muda wa nyongeza na hatimaye wakachukua kombe. Mwaka 1995 Melrose alifukuzwa, akaenda kwenye runinga, na huko akakaa miaka 13.

Aliporudi benchi Tampa alidumu michezo 16. Alishinda 5, akapoteza 7 katika muda wa kawaida na 4 katika muda wa nyongeza au mikwaju ya kuamua. Katikati ya Novemba 2008 aliondolewa, msimu wenye michezo 82 ukiwa haujafika hata robo yake. Akarudi ESPN. Tangu hapo jina lake limekuwa kama kibao cha onyo: mtu wa runinga akitajwa kuwa kocha, mtu mwingine hujibu kwa kutaja Melrose, na mjadala ukaishia hapo.

Wanaoishia hapo huwa hawaangalii nani alichukua nafasi yake. Alikuwa Rick Tocchet, msaidizi wake, mchezaji wa zamani aliyecheza zaidi ya michezo 1,100 katika ligi hiyo. Tocchet aliiongoza Tampa hadi mwaka 2010, baadaye akawa msaidizi Pittsburgh ilipotwaa kombe mwaka 2016 na 2017, kisha akawa kocha mkuu wa Arizona hadi 2021. Alipoachana na Arizona naye alikwenda kwenye runinga, akawa mchambuzi wa kituo cha TNT. Januari 2023 Vancouver Canucks ya Kanada ilimwita. Katika msimu wake wa kwanza kamili, ule wa 2023-24, timu hiyo ilishinda michezo 50, ikaongoza kundi lake, na Tocchet akapewa Tuzo ya Jack Adams, ambayo ndiyo ya kocha bora wa ligi.

Watu wawili, klabu moja, mlango mmoja wa runinga. Mmoja alirudi akadumu wiki sita za ligi, mwingine alirudi akawa kocha bora. Basi runinga yenyewe haiwezi kuwa ndiyo ugonjwa, wala haiwezi kuwa ndiyo dawa. Inabidi kutazama kitu kingine, na cha kwanza ni muda.

Tocchet alikaa nje ya benchi chini ya miaka miwili. Wachezaji aliowafundisha Arizona walikuwa bado wanacheza, kanuni zilikuwa zilezile, na wasaidizi aliowajua walikuwa bado kazini. Melrose alikuwa nje miaka 13, na katika miaka hiyo mchezo wenyewe uligeuzwa. Msimu mzima wa 2004-05 ulifutwa kwa sababu ya mgogoro wa mishahara kati ya wamiliki na wachezaji. Ligi iliporejea ilikuja na ukomo wa fedha ambazo klabu inaweza kutumia kwa mishahara. Pasi ndefu iliyokuwa imekatazwa ikaruhusiwa, waamuzi wakaagizwa kuwabana wanaoshika na kuzuia wenzao, na sare zikaanza kuamuliwa kwa mikwaju. Mchezo ukawa wa kasi kuliko ule aliouacha. Mabadiliko hayo yote Melrose aliyajua. Ndiye aliyekuwa akiwaeleza watazamaji. Lakini kuyaeleza na kuyaishi ni mambo mawili.

Msafirishaji wa Namanga analijua jambo hili bila kufundishwa. Kabla ya kituo cha pamoja cha mpakani kuzinduliwa rasmi Desemba 2018, mtu alimaliza taratibu upande mmoja, akavuka, akaanza foleni upya upande wa pili. Aliyeiacha njia hiyo mwaka 2010 anaweza leo kuueleza mfumo mpya vizuri sana kwa kuwa amesoma habari zake. Akipewa lori la nyanya alfajiri na kuambiwa alivushe kabla jua halijawa kali, ndipo atakapogundua kwamba maofisa ni wengine, mawakala ni wengine, na ile njia fupi aliyokuwa akiitegemea haipo tena. Hajawa mjinga. Amepitwa. Akipewa majuma kadhaa na mwenzake anayeijua njia ya sasa, huenda akawa hodari kuliko zamani. Akipewa siku tatu, nyanya zitamwozea mikononi.

Jambo la pili ni asili ya kazi. Mchezo wa magongo wa barafuni una vipindi vitatu vya dakika 20, na wachezaji hawakai uwanjani kama wa soka. Huingia kwa zamu za sekunde 45 hivi, wakatoka wakihema, wengine wakaruka ukuta kuingia huku mchezo ukiendelea. Kocha ana wachezaji 18 wa kuzungusha, mbali na makipa wawili. Kila chini ya dakika moja lazima aamue nani aingie, na amkabili nani wa upande wa pili. Mchambuzi hulitazama tukio hilohilo mara tatu kwa mwendo wa polepole, kisha husema beki alisimama vibaya. Anasema kweli. Tofauti ni kwamba kocha alikuwa na nukta mbili za kuliona, na huyo beki ataingia tena baada ya dakika moja akiwa na woga au hasira ambayo lazima mtu aishughulikie. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hata aliyewahi kukilalia husahau wanakouma.

Lipo na la kuwalea vijana. Msimu ule wa Melrose, Tampa ilikuwa na Steven Stamkos, kijana wa miaka 18 aliyechaguliwa wa kwanza kati ya vijana wote walioingia ligi mwaka 2008. Melrose alimpa dakika chache akiona hajakomaa. Msimu wake wa pili, chini ya Tocchet, Stamkos alifunga mabao 51. Inawezekana Melrose alikuwa sahihi kwamba kijana alihitaji muda. Lakini kijana hupimwa kwa kumtazama mazoezini kila asubuhi, na jicho la namna hiyo halinolewi studio.

Haya yote yasichukuliwe kuwa studio haina faida. Kocha aliye kazini huijua timu yake na wale atakaokutana nao wiki hii. Mchambuzi huzitazama zote, huona klabu ipi imegundua namna mpya ya kutoka na mchezo kwenye eneo lake, na huzungumza na wachezaji wasio na sababu ya kumwogopa kwa kuwa si bosi wao. Aliyechoka hupumzika. Aliyezoea kufoka hulazimika kujifunza kueleza jambo kwa dakika moja likaeleweka. Mwenye akili hutoka huko na mali. Ila ni mali inayoharibika upesi, na asiyeiwahisha sokoni hukuta imeshuka bei.

Tortorella naye asisahauliwe, maana habari yake inazuia watu kurahisisha mambo. Alipoachana na Columbus mwaka 2021 alikwenda ESPN, akakaa msimu mmoja, na mwaka 2022 akachukuliwa na Philadelphia Flyers. Hakukawia nje. Hata hivyo misimu yake mitatu Philadelphia ilipita bila timu kufika hatua ya mtoano, na Machi 2025 akafukuzwa. Miezi miwili baadaye nafasi hiyo ilipewa Tocchet, yuleyule. Kurudi ni jambo moja, kushinda ni jingine. Tortorella alirudi vizuri, akapewa timu inayojengwa upya, akafukuzwa kama makocha wanavyofukuzwa siku zote. Hakuna aliyeweza kusema kwamba runinga ndiyo iliyomponza.

Hapo ndipo lawama inapopaswa kugawanywa. Mashabiki humhukumu mchambuzi peke yake, na kumwacha aliyemwajiri. Wamiliki wa Tampa walimchukua mtu aliyekaa nje miaka 13, katika timu waliyokuwa wakiibadilisha kwa kasi, kisha wakampa michezo 16. Mtu wa namna hiyo alihitaji subira kuliko kocha mwingine yeyote, naye ndiye aliyepewa kidogo. Ukimwajiri mtu kwa sababu uso wake unajulikana, umenunua uso. Usije ukashangaa baada ya wiki sita kwamba uso hauzuii mabao.

Kwa hiyo klabu inayotaka kumtoa mtu studio na kumrudisha benchi inaweza, ila imuulize maswali matatu kabla ya kusaini. La kwanza: umekuwa nje muda gani, na nini kimebadilika tangu uondoke? La pili: unakuja na wasaidizi gani walio kazini leo, watakaokushika mkono mahali ulipopitwa? La tatu ndilo zito kuliko yote: mara ya mwisho ulilipia kosa lako mwenyewe lini? Mchambuzi akikosea jioni, kesho yake yuko palepale, suti nyingine na maoni mengine. Kocha akikosea, kesho anafunga mizigo na watoto wanahamishwa shule. Aliyekaa muda mrefu mahali ambapo kosa halina gharama anahitaji kukumbushwa uchungu wa gharama hiyo kabla ya kukabidhiwa mali ya watu.

Na klabu nayo ijiulize lake moja: tutampa muda gani kabla ya kumpima? Kama jibu ni michezo 16, heri wamwache alipo.

Kumwacha alipo si kumtukana. Melrose aliporudi ESPN aliendelea kuwaeleza Wamarekani mchezo ambao wengi wao hawakuuelewa, hadi Oktoba 2023 alipostaafu kwa sababu ya ugonjwa wa Parkinson, baada ya kazi ya karibu miaka 30. Waliomjua kama kocha wa Tampa ni wachache. Waliojifunza mchezo huo kwa sauti yake ni wengi mno. Kila soko lina wanaobeba mzigo na wanaojua kueleza bei, na soko linawahitaji wote. Hasara huja pale anayeeleza bei anapopewa mzigo kwa sababu tu ana sauti nzuri.