Komenti za Matapeli Chini ya Posti Yako ni Kazi Yako Kuzifuta

Leo tuweke pembeni kidogo mbolea na viwavijeshi, tuongee soko. Wengi wenu mnaofuatilia ukurasa huu mmeshahamishia meza ya biashara kwenye simu. Kijana wa Kasingirima anakamua mawese yake, anapanga madumu, anapiga picha, anaposti Facebook, na mteja wa Dodoma anaagiza bila kumjua hata sura. Hilo nalipongeza. Kinachonikera kipo chini ya picha.

Fungua posti yoyote ya mkulima yenye watazamaji wa kutosha, usome komenti. Ya kwanza mteja anauliza bei. Ya pili, mkopo wa haraka bila dhamana, dakika 5 hela ipo kwenye simu. Ya tatu unakaribishwa Freemason utajirike. Ya nne mama mmoja anamshukuru mganga kwa kumrudishia mume, na namba ya mganga ipo pale pale. Mwenye posti kazikuta, kazisoma, kaziacha. Ukimuuliza anakwambia, "Afisa, acha zikae, zinapandisha posti, watu wengi wanaiona."

Mimi hoja hiyo siikubali. Tuseme kweli zinapandisha. Unaonekana na nani sasa? Mteja anayetaka madumu 10 hana haraka ya kupiga simu, anashuka kwanza kwenye komenti aone wenzake wamesema nini, aone na wewe unajibu vipi. Akikuta takataka za wiki mbili anajua duka halina mwenyewe. Hivi ungekuwa na meza yako soko la Ujiji, mtu akasimama mbele ya mawese yako anatangaza dawa ya nguvu za kiume, ungemwacha kwa sababu anakusanya watu?

Na hao wa mganga na Freemason ndio wenye nafuu, maana watu wameshawazoea. Anayeumiza ni yule anayejifanya wewe. Anachukua picha ya akaunti yako, anafungua akaunti nyingine kwa jina lako, anaongeza nukta moja au herufi moja, halafu anatulia. Mteja anauliza, "Bei gani, na Dar unafikisha?" Wewe uko shambani, simu umeiacha nyumbani inachaji. Yeye anajibu ndani ya dakika 3, "Karibu sana bosi, nicheki WhatsApp kwa namba hii." Bei yake iko chini kidogo ya yako, siyo chini sana ya kutia shaka. Mteja anatuma nusu ya hela, na ya kutolea juu. Mzigo haufiki.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya huyo mteja. Picha ni ya mawese yako, jina ni lako, posti ni yako. Kwake yeye tapeli ni wewe, na ukimweleza habari za akaunti feki anaona unamzungusha tu. Atawaambia na wenzake kwamba watu wa Kigoma siyo wa kuaminika. Hapo umechafuliwa wewe na kila kijana mwingine anayepakia mzigo hapa.

Kwa wanaochanganya shamba na biashara ya dagaa na migebuka, mazingira yenu ni magumu zaidi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi zote nne zinazolizunguka, yaani sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Kipindi kama hicho akitokea mtu kwenye komenti anasema ana migebuka wabichi wa leo wa Kigoma, mtu wa Kibirizi au Katonga atacheka. Mtu wa Arusha hana habari na kufungwa kwa ziwa, anatuma hela. Kama una mzigo ulioukausha mapema, andika wazi kwenye posti kwamba ni wa kabla ya kufungwa, na ujumbe wa migebuka wabichi ukitokea chini yako, ufute na ueleze kwa nini umeufuta. Maelezo ya mistari miwili ya namna hiyo yanauza kuliko matangazo kumi.

Kuna upande mwingine ambao mimi kama bwana shamba unanikosesha usingizi zaidi, nao ni pale ninyi mnapokuwa wanunuzi. Zao letu la michikichi limepata msukumo mkubwa tangu 2018, TARI Kihinga wanazalisha mbegu bora za Tenera, na kila mtu anaitaka. Basi ukiposti tu kwamba unaandaa shamba la michikichi, chini hapo linakuja: "Miche ya Tenera ipo, bei poa, nicheki inboksi." Nyanya ukiuziwa feki unagundua msimu huo huo. Mchikichi unaanza kuzaa baada ya miaka 3 hivi. Miaka 3 unapalilia, unaweka mbolea, unalipa vibarua, ndipo unapasua tunda unakuta ganda nene la Dura, ile ile ya babu.

Na wala siyo lazima muuzaji awe amekuokotea mbegu porini. Anaweza kuwa ameziokota kweli chini ya mchikichi wa Tenera, akakuapia kwa Mungu kwamba ni Tenera. Tenera ni chotara, mtoto wa Dura na Pisifera. Ukipanda mbegu zilizookotwa chini ya Tenera zilizochavushana zenyewe kwa zenyewe, kwa wastani kati ya miche 4 mmoja unarudi kuwa Dura, miwili inakuwa Tenera, na mmoja unakuwa Pisifera, ambayo mara nyingi inatoa maua na haikomazi matunda. Yaani nusu ya shamba lako siyo ulichonunua. Kwa macho, mche ukiwa kitaluni huwezi kutofautisha, hata mimi siwezi. Kwa hiyo miche ya michikichi haikaguliwi kwa picha ya inboksi. Unauliza mbegu ilitoka wapi, unaomba karatasi ya ununuzi, halafu unapiga hodi Kihinga au kwa afisa ugani wa kata yako kuulizia kitalu hicho. Muuzaji wa kweli hakasiriki ukimuuliza.

Linki za ruzuku nazo zipo. Tangu ruzuku ya mbolea ianze 2022, mkulima anasajiliwa kupitia ofisi za kijiji au mtaa, ana kwa ana. Linki kwenye komenti inayokutaka ujaze namba ya NIDA na namba ya siri ya simu siyo ya serikali, hata kama ina nembo ya bibi na bwana.

Turudi kwenye posti yako. Saa ya kwanza baada ya kuposti ndiyo saa ya mnada, usiposti ukiwa unakwenda shambani. Posti jioni umekaa, jibu maswali ya bei hapo hapo hadharani, kwa sababu anayejifanya wewe anakula kwenye yale maswali ambayo hujayajibu. Usiandike "njoo inboksi" kwa kila swali. Ukimzoesha mteja kwamba bei ni siri ya inboksi, umemfundisha kumfuata yeyote anayemwita inboksi.

Namba yako iandike ndani ya picha yenyewe, juu ya dumu, pamoja na jina litakalotokea mteja akituma hela. Ukiwa na lipa namba yenye jina la biashara ni bora zaidi, mteja analiona jina kabla hajabonyeza namba ya siri.

Facebook, Instagram na TikTok zote zina sehemu ya kuweka maneno usiyoyataka. Weka "mkopo", "mganga", "Freemason", "utajiri", komenti yenye neno hilo inafichwa yenyewe. Tofautisha kuficha na kufuta. Ukificha komenti Facebook, aliyeiandika na marafiki zake bado wanaiona, kwa hiyo hajui kama umemfungia, na anaendelea kupiga kelele peke yake. Kwa wale wa mganga hiyo inatosha. Anayejifanya wewe usimfiche. Piga skrinshoti kwanza, namba yake ionekane, ripoti akaunti yake, ndipo ufute na kumblock. Namba ya utapeli itume TCRA kupitia 15040. Na kama una wasiwasi kuna laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106# uangalie.

Wa mikopo nao wasikutishe kwa majina ya kibenki. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Na kutumia watu ujumbe wasioomba kunaguswa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ingawa mimi sikushauri umsubiri polisi ili ufagie meza yako.

Kuna vijana wameamua kufunga komenti kabisa. Nawaelewa, ila naona wamechoma shamba kwa sababu ya magugu. Swali la "unafikisha Tabora?" likiulizwa hadharani na kujibiwa hadharani, linasomwa na watu wa Tabora ambao hawakuuliza.

Jumanne asubuhi nipo ofisini. Anayeshindwa kuweka hayo maneno ya kuzuia aje na simu yake ikiwa na chaji na anakumbuka nywila yake, maana mara ya mwisho nusu saa nzima iliisha tunatafuta nywila.