KADI NI YETU, MBONA LUGHA YAKE NI YAO?

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wenzangu wengi mwaka huu wameandika kuhusu nidhamu, dawa za kulevya na mitihani ya kitaifa. Hayo yote ni muhimu, sikatai. Mimi naomba nafasi niandike juu ya jambo ambalo huenda wengine watasema ni la wataalamu tu: programu huria zinazoiwezesha kadi ya michoro kufanya kazi ndani ya tarakilishi. Msikimbie! Nitaeleza polepole, na mtaona kwamba jambo hili linatuhusu sisi wa shule za kutwa kuliko linavyowahusu matajiri.

Hoja yangu ni moja. Mtu akikuuzia chombo, anapaswa kukuachia pia maelezo ya namna ya kuzungumza na chombo hicho. Akikunyima, hajakuuzia. Amekukodisha tu mpaka siku atakapochoka nawe.

Hebu tuanze na msingi. Ndani ya kila tarakilishi na kila simu ya kisasa mna sehemu inayochora vitu vyote tunavyoviona kwenye skrini: herufi, picha, video na michezo. Katika tarakilishi nyingine ni kadi nzima inayochomekwa. Katika simu ni sehemu ndogo tu ya chipu. Sehemu hii ina lugha yake. Haijui Kiswahili wala Kiingereza, na programu zako haziwezi kuiamuru hivi hivi. Katikati lazima awepo mkalimani. Mkalimani huyo ndiye draiva.

Draiva ya michoro ina nusu mbili. Nusu ya kwanza hukaa ndani ya kerneli, yaani kile kiini cha mfumo wa uendeshaji chenye mamlaka juu ya mashine yote. Kazi yake ni kama ya kiranja wa zamu kwenye foleni ya chakula cha mchana: inagawa kumbukumbu, inapanga nani atangulie kuhudumiwa, na inahakikisha programu moja haili sahani ya nyingine. Nusu ya pili hukaa nje ya kerneli. Hiyo ndiyo hupokea ombi la programu, kwa mfano "nichorie pembetatu nyekundu hapa", na kuligeuza kuwa amri ambazo kadi inazielewa. Nusu moja bila nyingine ni kama mkasi wenye upande mmoja. Haukati kitu.

Sasa shida iko wapi? Shida ni kwamba baadhi ya kampuni za kadi hizi zimezoea kutoa draiva iliyofungwa. Unapewa programu inayofanya kazi, lakini msimbo wake huuoni, na kitabu cha maelezo ya kadi hupewi. Siku kampuni ikiamua kwamba kadi ile imezeeka na haitaitengenezea draiva tena, basi umekwisha. Kadi haijaungua, haijavunjika, stima inapita vizuri, lakini mkalimani amejiuzulu.

Haya si ya kuhadithiwa. Katika chumba chetu cha tarakilishi kuna mashine za mitumba tulizopewa na wahisani. Mwalimu alipoweka mfumo mpya, mashine nne zilibaki na maandishi makubwa kama ya bango la barabarani, na ukisogeza dirisha linajikokota kama kobe. Tukatafuta draiva kwa mtengenezaji, lakini wapi! Kadi zile zilikuwa zimeondolewa kwenye orodha yake. Mashine nzima kabisa zikafunikwa kitambaa, nasi tukaanza kukaa watatu watatu kwa tarakilishi moja. Kipindi ni cha dakika 40, kwa hivyo kila mmoja anapata dakika 13 hivi. Na mtihani hautakuuliza kama mlikuwa mkigawana.

Nashukuru kwamba duniani wapo watu waliokataa hali hii. Wengi wao wako upande wa Linux, kerneli iliyoanzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini. Msimbo wa kerneli hiyo uko wazi. Yeyote anaweza kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Mwaka wa 2005 Stéphane Marchesin alianzisha mradi uitwao Nouveau wa kuandika draiva huria ya kadi za NVIDIA bila kupewa kitabu cha maelezo. Draiva hiyo iliingia ndani ya Linux toleo la 2.6.33, lililotoka Februari 2010.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha Mali. Sisemi ile nchi ya Afrika Magharibi! Mali ni jina la sehemu za kuchora zinazosanifiwa na kampuni ya Arm ya Cambridge, Uingereza, na zimo ndani ya simu nyingi za bei nafuu, hata hizi zinazouzwa hapa kwetu. Arm ilitoa wazi msimbo wa ile nusu ya draiva inayokaa ndani ya kerneli, ila nusu ya pili ikaifunga. Sasa, wasimamizi wa michoro katika Linux wana kanuni ngumu: hawapokei draiva ambayo nusu yake nyingine imefichwa. Mimi naona ni kanuni ya haki. Utaitunzaje nusu ya mkasi ikiwa huruhusiwi kuona jinsi inavyokutana na mwenzake? Utajuaje kama ina kasoro?

Basi watu wakaingia kazini wenyewe. Mwaka wa 2012 Luc Verhaegen alionyesha mjini Brussels draiva iitwayo Lima, ya chipu za Mali za mwanzo. Kwa chipu zilizofuata ukaja mradi wa Panfrost, na aliyeuongoza ni Alyssa Rosenzweig. Ndugu msomaji, shika kiti chako: alipoanza kuzichunguza chipu hizo alikuwa bado mwanafunzi wa sekondari kama mimi na wewe! Wala hakufanya peke yake, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Nusu ya ndani ya kerneli iliandikwa upya na Rob Herring na Tomeu Vizoso. Lima na Panfrost zote mbili ziliingia katika Linux toleo la 5.2, Julai 2019.

Waliwezaje bila kitabu? Njia yao ni ile ile tunayofundishwa katika maabara ya Kemia: badilisha kitu kimoja, vingine viache vilivyo. Unaandika programu ndogo inayochora pembetatu moja nyekundu. Unaiendesha kwa draiva iliyofungwa huku ukinakili kila kitu inachokiweka kwenye kumbukumbu kwa ajili ya chipu. Kisha unageuza rangi iwe bluu, unanakili tena, unalinganisha. Zile namba zilizobadilika ndizo zinazohusu rangi. Kesho unasogeza pembe moja, keshokutwa unaongeza pembetatu ya pili. Ndivyo mtoto anavyojifunza lugha, neno moja moja, mpaka siku anaongea. Haba na haba hujaza kibaba.

Na kibaba kilijaa kweli. Mwaka wa 2020 Arm yenyewe ilianza kushirikiana na mradi wa Panfrost. Baadaye draiva hiyo ikafaulu mtihani rasmi wa Khronos, shirika linalosimamia kanuni za michoro ya tarakilishi. Kumbe lile lililoitwa siri halikuwa na sababu ya kuwa siri!

Najua wako watakaonipinga, na ni vizuri kuwajibu.

Mosi, watasema kampuni ina haki ya kulinda ujuzi wake, la sivyo washindani wataunakili. Nami nakubali kwamba jasho la mtu lisiliwe bure. Lakini kujua namna ya kuiamuru kadi si sawa na kujua namna ya kuitengeneza. Mimi najua kuendesha baiskeli, je, naweza kufungua kiwanda cha baiskeli? Isitoshe, tuna mfano. AMD iliinunua kampuni ya ATI mwaka wa 2006, na mwaka wa 2007 ikatangaza kwamba itatoa vitabu vya maelezo ya kadi zake ili draiva huria iandikwe. Hadi leo AMD inauza kadi. Haikufa kwa kusema ukweli.

Pili, watasema draiva za kujitolea ni za polepole. Mgala muue na haki yake umpe: kwa kadi nyingi za NVIDIA, Nouveau imekuwa nyuma sana kwa kasi. Lakini tuulize sababu. Katika kadi zilizotoka kuanzia mwisho wa mwaka wa 2014, NVIDIA iliweka kufuli. Kadi haikubali kupandishwa kasi mpaka ipewe programu ndogo yenye sahihi ya kampuni, na sahihi hiyo hakuna mtu mwingine anayeweza kuiweka. Kwa hivyo Nouveau ilikuwa kama matatu iliyofungiwa gia ya kwanza. Kweli utamlaumu dereva?

Malalamiko yalikuwa yamefika mbali kabla ya hapo. Mwaka wa 2012, akiwa Chuo Kikuu cha Aalto nchini Ufini, Torvalds aliilaani NVIDIA hadharani kwa maneno ambayo mwalimu mlezi wa chama chetu hawezi kuyapitisha. Mwezi wa Mei 2022 kampuni hiyo hatimaye ilitoa wazi nusu ya ndani ya kerneli, lakini kwa kadi zake za kuanzia mwaka wa 2018 tu, na nusu ya nje ikabaki imefungwa. Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje, lakini moja yetu bado tunaidai. Tena tazameni: kadi za kabla ya 2018 hazikufaidika, nazo ndizo hufika katika shule kama zetu zikiwa mitumba! Tajiri akinyimwa draiva hununua kadi nyingine. Sisi tukinyimwa, tunafunika mashine kitambaa.

Tatu, wako watakaouliza: sisi Wakenya tunahusikaje, na chipu zenyewe hatutengenezi? Tunahusika kwa sababu tunanunua. Serikali yetu ilianza mwaka wa 2016 kugawa vishikwambi kwa shule za msingi. Mnunuzi wa vitu vingi namna hiyo ana sauti. Anaweza kuuliza swali moja kabla ya kutia sahihi: draiva ya michoro ya kifaa hiki imo ndani ya kerneli ya Linux, na nusu zake zote mbili ziko wazi? Muuzaji akijibu ndiyo, hata mtengenezaji akichoka baada ya miaka mitano, mtu mwingine anaweza kuishika kazi. Akijibu hapana, basi apunguze bei, kwa maana anauza kitu chenye siku ya kufa aliyoipanga yeye.

Swali hilo hilo naomba bodi za shule na wahisani waliulize. Sisemi tukatae msaada, hasha! Wahisani wametusaidia sana na Mungu awabariki. Nasema kati ya mashine mbili za bei moja, tuchague ile ambayo lugha yake inajulikana. Kuuliza hakugharimu hata shilingi.

Kwa wanafunzi wenzangu nina neno pia. Tusidhani programu hizi huteremka kutoka mbinguni. Kerneli ya Linux kwa sehemu kubwa imeandikwa kwa lugha iitwayo C, na lugha hiyo inaweza kujifunzwa hata kwa mashine ya zamani isiyo na michoro mizuri. Sisemi kila mtu aandike draiva. Lakini miradi hii inahitaji pia watu wa kujaribu matoleo mapya kwenye mashine kuukuu, na kueleza kwa makini kitu gani kimeharibika na kiliharibika lini. Mashine kuukuu sisi tunazo nyingi kuliko wao! Kumbe kitu tunachokionea aibu ndicho wanachokihitaji.

Na sisi wa Chama cha Kiswahili tulielewe jambo hili kuliko wengine wote. Tunajua kwamba anayeificha lugha anawaficha watu. Mtu akikuuzia kitabu kilichoandikwa kwa lugha usiyoijua, kisha akafungia kamusi kabatini kwake, amekuuzia karatasi.

Kwa hayo machache naomba nitue kalamu yangu. Asiyekubaliana nami nipo Kidato cha Tatu, tutaonana kwenye mjadala wa Ijumaa. Lakini aje na jibu la swali langu: kama kadi ni yetu, mbona lugha yake ni yao?